Barua ya wazi kuhusu Fungu 28, fungu la bajeti la Jeshi la Polisi: nani analipwa kumjibu mwananchi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi na usalama,
Nakala kwa Inspekta Jenerali wa Polisi.

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Nina steshenari ndogo na uwakala wa fedha za mitandao jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi, na simu nne za mitandao tofauti juu ya meza. Mwaka mzima mezani pangu wanapita watu waliochaniwa mikoba, waliotapeliwa kwa simu, waliosahau begi kwenye basi la Mbeya. Wanakuja kwangu kabla ya kwenda polisi, na wengi wao polisi hawaendi kabisa. Nawaandikia kwa sababu ninaona mambo ambayo nadhani hayafiki Dodoma, au yakifika yanakuwa yameshabadilika sura njiani.

Nianze na kijana mmoja. Alishuka kwenye basi alfajiri, saa kumi na moja na ushee, mfuko wa nyuma wa suruali umechanwa kwa wembe, mstari umenyooka kana kwamba umepimwa kwa rula. Pochi imekwenda, na ndani yake kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva, kadi ya benki na shilingi elfu themanini. Alikuwa anakwenda Dodoma kwenye usaili wa kazi ya udereva, na usaili wenyewe ni saa nane mchana siku hiyo hiyo. Nikamfungulia ukurasa wa Jeshi la Polisi wa kuripoti mali iliyopotea. Huduma ile ni nzuri, na nitasema hivyo mbele ya yeyote: unajaza taarifa zako, unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, unachapa ripoti yako, hujakaa foleni wala hujakanyaga kituoni. Tulipofika pa kueleza ilivyokuwa akaniambia, "Andika nimeibiwa."

Nikamweleza kwamba ukurasa ule ni wa waliopoteza. Aliyeibiwa anatakiwa aende kituoni, ajieleze kaunta, aandikiwe maelezo, apewe RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo. Akaangalia saa. Akaangalia basi la Dodoma lililokuwa limeshawasha injini. "Basi dada, andika nimepoteza."

Nikaandika amepoteza.

Waheshimiwa, hapo ndipo mwizi yule alipofutika. Hayumo kwenye kitabu cha kituo chochote. Hayumo kwenye takwimu za mkoa. Kamanda wa Polisi wa Mkoa akitaka kujua pale stendi kuna wembe kiasi gani, makaratasi yatamwambia kwamba pale watu hupoteza vitu. Na kijana yule, ambaye hakuwa na kosa lolote, ameanza siku yake kwa kutia saini jambo lisilo kweli mbele ya Serikali, nami ndiye niliyempigia chapa. Limenikaa rohoni mpaka leo, maana hakuwa wa kwanza na hakuwa wa mwisho. Karatasi ile wanaihitaji. NIDA wanaitaka ili uchapiwe kitambulisho kingine, pamoja na shilingi 20,000. Baraza la Mitihani wanaitaka kwa aliyepoteza cheti. Benki wanaitaka. Mtu mwenye shida hiyo atachukua njia inayompa karatasi leo, na ukweli atauacha.

Nimefikiri sana kwa nini upande wa kupoteza umekamilika hivyo na upande wa kuibiwa bado uko kwenye benchi la kituoni. Jibu nililolipata ni hili: ripoti ya upotevu inaweza kutolewa na mashine peke yake. Taarifa ya wizi inahitaji mtu. Inahitaji askari wa kuisoma, wa kumpigia aliyeibiwa, wa kuuliza maswali mawili matatu, wa kumkabidhi mpelelezi, na wa kumrudishia mlalamikaji jibu baada ya wiki. Mashine tumeilipia. Mtu huyo hatujamlipia.

Yaliyonipata mwenyewe ni haya. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwenda msibani, mkoa mwingine, na huko nikaibiwa mkoba uliokuwa na simu ya uwakala na floti ya watu. Nilikwenda kituoni usiku ule ule. Sitakitaja kituo, kwa sababu sina ugomvi na askari waliokuwa zamu. Walinipokea vizuri, wakanipa pole. Aliyeniandikia maelezo aliniomba nikanunue karatasi ng'ambo ya barabara, nikanunua. RB niliandikiwa kwenye kipande cha daftari kilichochanwa kwa mkono, sawa na nusu ya kiganja. Nikaambiwa nirudi kesho, mpelelezi hayupo. Kesho yake mpelelezi yupo, gari halina mafuta. Nikarudi Morogoro, nikawa napiga simu. Namba niliyopewa ilikuwa ya afande mwenyewe, ya mfukoni kwake. Alipokea mara ya kwanza, akapokea ya pili. Ya tatu akaniambia amehamishwa, nimtafute mwenzake, na namba ya mwenzake hakuwa nayo. Nikapanda basi nikarudi kule, mara mbili, nauli na malazi juu yangu. Kaunta walikuwa wengine. Waliisoma RB yangu, wakafungua kitabu kimoja, wakafungua cha pili, wakaniambia nisubiri. Nilisubiri kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Kipande kile bado ninacho kwenye Biblia yangu. Wino umefifia, namba ya mwisho haisomeki tena, inaweza kuwa tatu au nane.

Hakuna mtu pale aliyeniomba rushwa na hakuna aliyenitukana. Tatizo langu lilikuwa kwamba katika nchi nzima hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ya kulipwa ilikuwa kuniambia jalada langu limefika wapi.

Sasa linganisheni na hili. Nikiwa hapa dukani, mteja akanitajia namba ya gari lake, naingia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa usalama barabarani, na kwa dakika moja naona kama gari lina deni. Kosa liko pale, tarehe iko pale, faini ya shilingi 30,000 iko pale, kontroli namba iko tayari. Iwe usiku wa manane, iwe sikukuu. Serikali ikinidai, mimi natafutwa na ninapatikana. RB yangu sijawahi kupata pa kuiandika. Kwa hiyo msiniambie kwamba teknolojia haipo au nchi bado changa. Teknolojia ipo, inafanya kazi kila siku, na inafanya kazi vizuri kule ambako fedha inaingia. Naomba ifanye kazi vilevile kule ambako inabidi fedha itoke.

Mimi si mchumi, lakini uwakala umenifundisha kuuliza fedha imekaa kwenye mfuko gani. Fungu 28 ndilo la Jeshi la Polisi. Ndani yake kuna mishahara, kuna matumizi mengineyo, ile OC ambayo mtumishi yeyote wa umma anajua inavyosubiriwa, na kuna fedha za maendeleo. Mfumo wa kompyuta hununuliwa kwa fedha za maendeleo. Una andiko la mradi, wakati mwingine una mfadhili, una siku ya uzinduzi, na picha zinapigwa. Mtu wa kujibu hana siku ya uzinduzi. Yeye anaangukia OC, humo humo kwenye mafuta ya magari, karatasi, wino, umeme wa kituo na chakula cha mahabusu. Kila mwaka wakati wa bajeti tunawasikia wabunge wenyewe wakisema vituo vyao havina mafuta. Kama hata mafuta yanakosekana, nani atakumbuka bando la simu ya kituo? Nani atamwambia mkuu wa kituo amtoe askari mmoja lindoni akae kwenye kompyuta, wakati lindo lenyewe halijatosha?

Ombi langu, basi, ni moja, na yote nitakayosema chini yanatoka humo. Wekeni kasma yake, yaani kifungu chake cha fedha, ndani ya Fungu 28, kwenye matumizi ya kawaida, yenye jina linaloeleweka: huduma ya kupokea na kujibu taarifa za wananchi. Isiwe mradi wa miaka mitatu unaokufa mfadhili akiondoka. Isichanganywe na mafuta. Iwe na watu wake, laini zake, mafunzo yake na bando lake, na mwisho wa mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aikague peke yake atuambie imetumikaje.

Mtauliza ni watu wangapi. Nimejaribu kupiga hesabu kwa kalamu, mnaweza kuisahihisha. Polisi ni chombo cha Muungano na mikoa yetu ni 31. Tuseme kila mkoa uwe na watu wanne kila zamu, zamu tatu kwa siku: hao ni kumi na wawili kwa mkoa, 372 kwa nchi nzima. Ongezeni wa kushika zamu za walioko likizo, wagonjwa na wazazi, tufike 500. Si lazima wote wawe askari. Vijana waliosoma wanaojua kuandika maelezo yaliyonyooka na kuzungumza na mtu aliyepaniki wamejaa mitaani, nawachapia barua za maombi ya kazi kila siku. Watu 500 kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ni mzigo unaobebeka, na sehemu ya faini zile za barabarani ingeweza kuubeba.

Wala hatuanzi sifuri. Nchi hii imeshafanya jambo la namna hii, na imelifanya vizuri. Namba zetu za dharura zinafuatana kama ndugu wa tumbo moja: 112 polisi, 113 TAKUKURU, 114 Zimamoto, 115 wagonjwa na wajawazito, 116 watoto. Iangalieni 115 na mpango wa m-mama. Ulianza kwa majaribio ya miaka kadhaa kule Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kuupeleka nchi nzima. Mama akishikwa na uchungu usiku mahali ambako gari la wagonjwa haliko, mhudumu au ndugu anapiga 115 bila salio. Anayepokea amefundishwa. Ana maswali ya kuuliza kwa mpangilio, ana orodha ya madereva wa eneo lile waliokubali kazi. Anampigia dereva, dereva anamfuata mama, anamfikisha, analipwa kwa simu.

Dereva mmoja wa namna hiyo alikuja kutoa pesa kwangu asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinionyesha ujumbe wa malipo: uliingia saa tisa na dakika kumi usiku. Amemfikisha mama, na kabla hajageuza gari fedha imeingia. Nilimtolea noti zake nikakaa nikifikiria. Kilichoipa 115 nguvu si programu ya kwenye simu. Mama wa kijijini anayejifungua hana programu. Nguvu iko kwa mtu anayelipwa kukaa macho usiku, na dereva anayejua kwamba atalipwa usiku huo huo. Fedha imewekwa pale ambapo mwanadamu mmoja anamjibu mwenzake. Naomba hiyo hiyo kwa 112.

Nitoke hapo niende kwenye kata, kwa sababu kata ndiyo ninayoijua zaidi. Mpango wa kupeleka wakaguzi wa polisi kwenye kata ni mpango mzuri na umetusaidia. Mkaguzi mmoja aliyewahi kutuhudumia alipita duka kwa duka akigawa namba yake. Alifungua kundi la WhatsApp la mtaa, tukaingia zaidi ya watu mia mbili: bodaboda, mama lishe, wapiga debe, wenye nyumba za wageni. Pikipiki ikiibwa, picha inaruka mle ndani kabla mwenyewe hajamaliza kulia. Bando lake alikuwa akinunua kwangu, kwa hiyo najua alikuwa akitumia kiasi gani cha mshahara wake kuwasiliana na sisi. Hakuna aliyemrudishia. Siku ya siku akahamishwa, kama askari wote wanavyohamishwa, na namba ikahama naye. Mpaka leo kuna watu wanamtumia yeye picha za pikipiki, yuko mkoa mwingine kabisa, anawajibu kwa upole kwamba wamtafute aliyeko sasa. Aliyeko sasa ana kundi lake jipya, lina watu arobaini.

Miaka miwili ya kujenga imani imebebwa kwenye laini ya mfukoni mwa mtu mmoja. Laini ya kata iwe ya kata. Inunuliwe na Serikali, iwe na simu yake na bando lake la mwezi, na afande akihamishwa aikabidhi kwa maandishi kama anavyokabidhi silaha na majalada. Hili ni jambo dogo kabisa katika barua hii na linaweza kufanyika mwezi huu bila kusubiri mfumo wowote.

Kuhusu utapeli wa simu sitasema marefu, mnaujua. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiutaja mkoa wangu, pamoja na Rukwa, juu kabisa kwenye majaribio ya utapeli, na kwa sisi mawakala wa Morogoro ni fedheha tunayoitembeza usoni. Tunawafundisha wateja watume namba ya tapeli kwenda 15040, tunawaonyesha *106# wajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Yote hayo yanamsaidia ambaye bado hajaliwa. Aliyekwisha kutuma ile hela kwenye namba ile, namba ikifungiwa hela hairudi na jalada halifunguki. Anaambiwa aende polisi, naye anaishi tarafa ambayo nauli ya kufika kituo chenye mtu wa makosa ya mtandao inazidi nusu ya fedha aliyoibiwa. Anaamua kuachana nayo. Ningeweza kuwatajia akina mama kumi walioachana nayo mbele ya meza yangu, huku wamefunga machozi kwenye ncha ya kanga.

Na hapa niseme la mifumo kusomana. Tangu Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, tumesikia mengi juu ya maboresho ya polisi, na kila kiongozi anasisitiza mifumo isomane. Isomane. Taarifa ya 15040 imfikie mpelelezi, RB isomeke mahakamani, yule mama asirudie maelezo yake mara nne kwenye meza nne. Ila mifumo ikishasomana, abaki mtu wa kuyasoma yaliyosomana na kumpigia yule mama.

Sitaweza kuandika barua kuhusu raia na polisi nikapita kimya juu ya Oktoba 2025. Tarehe 29, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, ikakaa siku kadhaa. Watu walikufa. Serikali yenyewe imeunda tume kuchunguza. Mimi sina la kuongeza kwenye kazi ya tume, lakini nina meza, na mezani pangu nimeona kilichofuata: watu wanaogopa kuandika majina yao kwenye ukurasa wowote wenye nembo ya polisi. Bibi mmoja alinikataza kabisa nisijaze namba yake ya simu kwenye ripoti ya hati ya kiwanja iliyopotea. "Watajua ninakaa wapi." Hati ya kiwanja, Waheshimiwa, hana lolote lingine.

Kwa hiyo wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kuwapa polisi fedha za mtandao. Nawaelewa, na hofu yao nimeikuta hata nyumbani kwangu. Jibu langu ni kwamba inategemea fedha inanunua nini. Kamera, vifaa vya kufuatilia simu, vifaa vya kusoma tunayoandika, visinunuliwe kwa kasma hii hata kwa senti moja, na katazo hilo liandikwe ndani ya bajeti ili lisiachwe kwenye ahadi ya mdomo. Kasma ninayoiomba inunue mtu wa kupokea simu na njia ya mlalamikaji kufuatilia jambo lake. Imani haitarudishwa na mikutano ya hadhara wala fulana za Polisi Jamii. Bibi yule akipata ujumbe unaosema ripoti yake imepokelewa, inashughulikiwa na ofisi fulani, na akipiga 112 anapata sauti inayomwita mama, huenda mwakani ataacha namba yake iandikwe.

Na kwa sababu intaneti inaweza kuzimika, kwa amri au kwa mkongo kukatika, huduma yenyewe isitegemee intaneti peke yake. Serikali tayari ina *152*00#, inafanya kazi kwenye simu ya kitochi, haihitaji bando. Wekeni humo kuripoti wizi na kufuatilia RB. Kila anayeripoti, awe ameingia kituoni kwa miguu au amepiga simu, apate ujumbe mfupi wenye RB yake kabla hajaondoka au kukata simu. Namba hiyo isiishi kwenye kipande cha daftari. Mradi wa minara 758 uliosainiwa Dodoma Mei 2023 ulilenga kata 713 ambazo mawasiliano yalikuwa ya shida. Mnara ukishasimama kijijini, jambo la pili mwanakijiji anatakiwa aweze kulifanya nao, baada ya kumpigia mwanawe, ni kumpata polisi.

Usiri nao una gharama yake, na uingie humo humo kwenye kasma. Namfahamu mama mmoja, mahali ambapo sitapataja, aliyemnong'oneza askari jina la kijana anayenunua simu za wizi. Jioni hiyo hiyo walimfuata kibandani. "Tumesikia umetutaja." Alifunga biashara wiki mbili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Sheria hizo zinahitaji kompyuta inayoandika nani amefungua taarifa gani na saa ngapi, na zinahitaji mtu anayekagua orodha hiyo kila wiki. Yeye pia alipwe. Bila yeye, kila programu ya kutoa taarifa za uhalifu mtakayoizindua itabaki na watumiaji wachache wasioijua mitaa yetu.

Mwisho, tuonyesheni namba. Kila robo mwaka, kwa kila mkoa: simu ngapi zilipigwa 112, ngapi zilipokelewa, ilichukua dakika ngapi gari kufika, taarifa ngapi za wizi ziliingia na ngapi zilipata jibu. TCRA wanachapisha takwimu za matapeli mkoa kwa mkoa, na zimetuumiza sisi wa Morogoro, lakini zimetuamsha. Jeshi la Polisi lisiogope kuumia namna hiyo. Mwaka wa kwanza wizi utaonekana umepanda sana, kwa sababu wote waliokuwa wanaandikwa wamepoteza wataanza kuandikwa wameibiwa. Naomba mkubaliane mapema, Waziri, Kamati na IGP, kwamba hakuna kamanda wa mkoa atakayeondolewa kwa sababu ya kupanda huko. Atakayeficha ndiye aulizwe.

Nafahamu makadirio hupitishwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na mengi huwa yameshapangwa kabla kitabu hakijafika bungeni. Ndiyo maana naandika sasa. Hotuba ya Wizara ya Mambo ya Ndani nitaisikiliza redioni hapa dukani, na nitakuwa na kitabu cha makadirio mbele yangu, nimefungua Fungu 28. Yule kijana wa usaili alinipigia wiki iliyofuata kunishukuru kwa ile ripoti. Kazi alipata. Akaniuliza kama yule mwizi amekamatwa, nikashindwa kumwambia kwamba hakuna anayemtafuta.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakala na mwenye steshenari,
Msamvu, Morogoro